Uso wa Kimanzi Kwenye Ukuta wa Sigara

Ninyi mnaochora matangazo kwa kidole kwenye kioo cha simu, mkikosea mnafuta na kuendelea, mimi nawaonea wivu kidogo. Sisi tulikosea mbele ya soko zima, na kosa likakaa pale mpaka mvua ya miaka mitano ilifute.

Naitwa Kyalo. Kwa zaidi ya miaka thelathini nilikuwa mchoraji wa kuta na mabango, kuanzia kwetu Migwani hadi mjini Kitui, nikateremka mji wa Wote, nikafika mpaka vile vituo vya barabara ya Mombasa. Kama umewahi kuona bucha yenye ng'ombe anayecheka mlangoni, huenda ni ng'ombe wangu. Sijui kwa nini ng'ombe acheke mlangoni pa bucha. Mwenye bucha hakuuliza, na mimi nilijua kuchora ng'ombe mmoja tu.

Kosa langu la kwanza kubwa lilikuwa Wote. Mama mmoja mwenye hoteli alitaka niandike KARIBUNI WOTE WOTE, yaani watu wote wakaribie pale mjini Wote. Nilikuwa kijana mwenye haraka, sikupima ukuta. Nikaanza na herufi kubwa za kujionyesha, na nilipofika kwenye kona nilikuwa nimeandika KARIBUNI WOTE WO. Wiki nzima wateja walimwuliza kama jikoni kuna mbwa anayebweka. Alininyima chakula cha mchana, na alikuwa anapika muthokoi, mahindi yaliyokobolewa na maharagwe, mzuri kuliko yeyote.

Mzee Ngumbau, aliyenifundisha kazi pale Kitui, aliposikia hakunigombeza. Alinipa uzi. Uzi unaupaka unga wa chaki, unaufunga huku na huku, unauvuta katikati na kuuachia, pa! Unapata mstari ulionyooka ukutani. Halafu unahesabu herufi kabla ya kugusa rangi. "Anza na herufi ya mwisho," aliniambia. "Mahali pake ukishapajua, hizo zingine hazitakusumbua." Alinifundisha pia kumwagia maji ardhi mbele ya ukuta ili vumbi la Kitui lisipande kukaa kwenye rangi mbichi, na kuchora asubuhi kabla jua halijapiga, kwa sababu rangi ya mafuta kwenye ukuta wa moto hujikunja kama ngozi ya maziwa.

Mzee Ngumbau alikuwa mzee wa kanisa. Siku moja akaja mtu wa mauzo wa kampuni ya sigara, shati jeupe, gari safi, akitaka mchoraji wa kuta zote za maduka kutoka Kitui hadi barabara kuu. Mzee alimsikiliza vizuri, akamkaribisha chai, kisha akasema, "Mimi siwezi. Jumapili nasimama mbele ya watu." Akanitazama. "Huyu kijana ana mkono mzuri, lakini aamue mwenyewe."

Niliamua kabla chai haijapoa. Kazi ya mwaka mzima! Rangi ya bure, ile nzuri ya kung'aa, na brashi za manyoya laini ambazo nilikuwa nikiziona tu dukani. Jina la sigara yenyewe sitaliandika hapa. Nimeliandika mara za kutosha.

Mtu wa mauzo alitaka uso. Pakiti peke yake haiuzi, alisema. Alitaka kijana anayependeza, afya tele, amesimama kama mtu asiye na shida duniani, sigara katikati ya vidole. Mimi sikuwa na shule ya sanaa. Kuchora uso wa kutunga kulinishinda, kila mtu alitoka akifanana na yule ng'ombe. Nilihitaji mtu wa kumtazama.

Nikamwendea Kimanzi.

Kimanzi na mimi tulikua pamoja Migwani. Alikuwa winga wa timu yetu, mrefu, mwenye mwanya, na Jumapili aliimba besi kwenye kwaya, sauti ya kukutetemesha kifuani. Wasichana walikuja ibada ya kwanza na wakabaki mpaka ya pili. Hakuwa anavuta. Baba yake alikuwa anavuta kiko, na Kimanzi alikuwa akitoka nje kwa sababu ya moshi.

"Unataka nifanye nini?" aliniuliza.

"Usimame tu. Ushike hii hivi. Tukupige picha, nichore."

"Iwake?"

"Iwake kidogo, moshi uonekane."

Alikohoa, tukacheka sana. Mpiga picha wa mjini akasema hiyo haitafaa, sura imejikunja. Basi tukajaribu tena, na tena. Alipofika sigara ya nne hakuwa akikohoa, na hiyo ndiyo picha tuliyoitumia. Mtu wa mauzo alifurahi mpaka akampa Kimanzi katoni nzima, na akawa anampa nyingine kila alipopita. Nilichora miraba juu ya picha kwa penseli, nikachora miraba mikubwa ukutani, nikahamisha mraba mmoja baada ya mwingine. Hivyo ndivyo tulivyokuza picha enzi hizo. Uso wa Kimanzi ukatokea Migwani, ukatokea Kitui, na mkubwa kuliko zote, wa urefu wa mlango, ukatokea Kiboko, kwenye duka lililotazama barabara ya Mombasa, malori yanaposimama.

Alikuwa maarufu. Watu walimwita kwa jina la sigara. Utamwitaje mtu kwa jina la sigara halafu umkute hana sigara? Kila aliyemsalimia alimwomba moja. Akawa nazo mfukoni kwa ajili ya watu, kisha kwa ajili yake.

Kuna asubuhi moja ambayo lazima niwaambie. Tulikuwa Migwani, duka linalotazamana na shule ya msingi. Nilikuwa nimeshapima pakiti kwa chaki, juu, usawa wa macho ya mtu mzima, kama Mzee Ngumbau alivyonifundisha. Mtu wa mauzo akatikisa kichwa.

"Shusha."

"Nishushe mpaka wapi?"

Akaweka kiganja ukutani, chini kidogo ya kifua chake. "Hapa."

"Lakini hapo mtu mzima atainama ndiyo asome."

Akacheka. "Wewe chora, Kyalo. Kila mtu na kazi yake."

Nilifikiri ni kwa ajili ya wazee wanaokaa kwenye benchi. Kweli nilifikiri hivyo, au nilijiambia nifikiri hivyo. Saa nne kengele ililia, watoto wakavuka barabara kununua mandazi, wakasimama kunitazama nikichora. Watoto hupenda mchoraji. Nilipogeuka kuchovya brashi niliona macho yao yamesimama sawasawa na ile pakiti, kama nimewapima kwa uzi. Nikakaa kidogo na brashi inadondosha rangi kwenye kiatu. Halafu nikaendelea kuchora.

Miaka ikapita. Matangazo ya redioni yakapungua, tukaambiwa tuongeze kuta. Palipokuja manung'uniko juu ya kuta, ikaja miavuli na aproni za wenye vibanda na makabati ya kioo yenye taa. Nilichora hayo yote. Kwa hiyo mtu akiniambia tupige marufuku tangazo la aina hii na tuache lile, mimi huwa nasikitika, kwa sababu nilikuwa ndani. Unafunga dirisha moja, wao wanakuja kwa fundi kama mimi kuuliza dirisha gani bado liko wazi, na fundi anawaonyesha.

Sheria ya kudhibiti tumbaku ilipokuja, ilizikuta kuta zangu zimejaa. Bi Mutheu, afisa wa afya ya umma, alinipata nikiandika jina la saluni.

"Wewe ndiye Kyalo wa zile sigara?"

Nilidhani nashtakiwa. Nikaanza kusema nilitumwa, nilikuwa kijana.

"Sikuja kukushika," akasema. "Wenye maduka wanatakiwa wazifute, na wamepaka chokaa mara mbili, bado zinaonekana. Nimeambiwa aliyezichora ndiye anajua kuzifuta."

Na ilikuwa kweli. Rangi nyekundu ya mafuta haina adabu. Ukiipaka nyeupe juu yake, inapenya, kesho yake ukuta umekuwa waridi na herufi zote zinasomeka. Dawa yake ni rangi ya fedha, ile ya kupaka matangi ya maji. Unasugua ukuta kwa msasa, unapaka rangi ya fedha, unaiacha ikauke kabisa, ndipo unapaka nyeupe. Shikeni hilo hata kama hamtashika brashi: kufuta kulinichukua muda mrefu kuliko kuchora.

Ule ukuta wa Kiboko ulituchukua siku tatu. Kimanzi alinisindikiza, kwa sababu msimu huo ndengu zake zilikuwa zimekauka shambani kwa kukosa mvua na hakuwa na la kufanya. Alikaa kwenye kreti la soda, anavuta, anatazama nikimfuta. Nilianza na viatu nikapanda. Madereva wa malori walimtambua, wakapiga honi.

"Unanizika nikiwa hai, Kyalo," alisema.

Akacheka, kicheko kikageuka kikohozi, na kikohozi hakikuisha. Nilishuka ngazi nikampigapiga mgongoni. Alitema kitu kwenye leso, akaikunja haraka nisione. Niliona.

"Nenda hospitali," nikamwambia.

"Ni vumbi la msasa hili."

Kwa miezi mingi lilikuwa ni vumbi, kisha ni baridi, kisha ni mafua ya kawaida. Kwenye kwaya akaacha besi, akasema amechoka kusimama. Mke wake ndiye aliyenipigia simu: "Shemeji, njoo umwambie wewe. Mimi hanisikii." Nilipofika, sauti ya Kimanzi ilikuwa kama ya mtu anayeongea kutoka ndani ya gunia.

Ilikuwa saratani ya koo. Walimpeleka Nairobi, wakaondoa sanduku la sauti kooni, wakamwachia tundu shingoni la kupumulia. Nilikaa kwenye benchi la wadi nikiangalia mlango na kujiandaa. Nilikuwa na maneno yangu tayari. Nilijua ataniuliza kwa nini nilimshikisha ile sigara. Walipomruhusu kukaa, muuguzi alimpa daftari na kalamu. Akaandika kwa muda mrefu. Akanigeuzia.

Aliandika: *Ndengu zimeng'olewa?*

Hiyo tu. Na mwaka uliofuata, na uliofuata huo, hakuniuliza. Tulikula pamoja, tulienda matangani pamoja, aliandika juu ya mvua, juu ya mbuzi, juu ya wajukuu. Kila alipofungua daftari nilichungulia neno la kwanza. Vijana, kuna watu wanaogopa kulaumiwa. Mimi niliogopa daftari la kurasa mia.

Sasa nije kwa jambo lililonifanya niandike haya. Siku hizi naenda dukani Kitui naona vikopo vidogo vya duara, rangi za peremende, vimepangwa kando ya chingamu, usawa wa kaunta. Ndani mna vifuko vya nikotini vya kuweka chini ya mdomo. Hakuna moshi wala harufu. Mwalimu anafundisha mbele na mwanafunzi anacho mdomoni. Kuna na hizi sigara za umeme zinazonukia maembe. Matangazo yake siyaoni ukutani. Yako kwenye simu zenu, na hata mmoja wenu anayeyatengeneza hawezi kuniambia ni nani anayaona. Hilo ndilo linaloninyima usingizi. Ukuta wangu ulikuwa mbaya lakini kila mtu aliuona, Bi Mutheu aliuona, akaja na amri. Tangazo lililo kwenye mkono wa mtoto, nani atakuja nalo kwangu aniulize linafutwaje?

Basi kaunti ikaita kikao cha kutoa maoni, ukumbini mjini Kitui, kuhusu kuzuia matangazo ya vitu hivyo vyote, ukutani, dukani na penginepo. Bi Mutheu, ambaye sasa naye amestaafu, akanipigia.

"Mzee Kyalo, uje useme."

"Niseme nini? Mimi si daktari."

"Madaktari watakuwapo. Mchoraji hatakuwapo."

Nilikubali. Kisha Kimanzi akaandika kwenye daftari lake: *Nakuja pia.* Nikashindwa kumwambia asije.

Kila mtu alipewa dakika mbili. Kabla yangu alisimama kijana nadhifu aliyesema anawakilisha wafanyabiashara. Aliongea vizuri kweli. Alisema mtu mzima ana haki ya kuchagua, na nikakubaliana naye. Alisema matangazo hayamfundishi mtu kuvuta, yanamwonyesha tu anayevuta tayari aina nyingine. Watu wengi wakaitikia kwa vichwa, na yale yalikuwa maneno niliyojiambia mimi mwenyewe kwa miaka.

Nilisimama na karatasi yangu.

"Mwenyekiti, mimi nilichora matangazo ya sigara. Kijana amesema yalikuwa ya wanaovuta. Niliagizwa nichore pakiti kwenye ukuta unaotazama shule ya msingi. Niliipima juu, nikaambiwa nishushe mpaka hapa." Nikaweka kiganja chini kidogo ya kifua. "Mnijulishe, ni mvutaji gani mwenye urefu huu?"

Nikaongeza kwamba wasizuie nusu, kwa sababu najua ile nusu inayobaki inavyotumiwa. Kengele ikalia, nikakaa. Niliwaambia juu ya shule. Juu ya Kimanzi sikusema neno, na alikuwa amekaa kando yangu, kitambaa cheupe shingoni.

Mwenyekiti akaita jina lake. Kimanzi akasimama, akampelekea karani karatasi moja iliyokunjwa. Karani alikuwa msichana mdogo, labda mmetoka shule moja naye. Alipoikunjua nilitamani taa zizimike. Nilijua saa yangu imefika. Atasoma jina langu mbele ya kaunti nzima.

Akasoma kwa sauti safi:

"Mimi naitwa Kimanzi, wa Migwani. Sikuwa navuta. Niliishika tu ili nipigwe picha ya tangazo. Picha ikawa nzuri. Nilikuwa naimba besi. Asanteni."

Basi. Hakukuwa na jina jingine. Yule kijana nadhifu aliangalia viatu vyake, na nitakuwa mwongo nikisema alibadilisha mawazo. Mwenyekiti alishukuru, akaita anayefuata. Mpaka leo ninapoandika hatujaambiwa kama sheria hiyo itapita, na kila wiki namuuliza Bi Mutheu, na kila wiki ananiambia ningoje.

Tulitoka nje. Karani alitukimbilia na ile karatasi, akamwambia Kimanzi, "Baba, tumeshapiga nakala, hii ni yako." Akamkabidhi kwa mikono miwili. Kisha akasita.

"Samahani, Baba, kama nauliza vibaya. Yule aliyekushikisha ile sigara, ulikuja kumpata? Ulimwambia nini?"

Kimanzi alimtazama. Akatoa daftari mfukoni, akaliegemeza kwenye nguzo ya mlango, akaandika polepole. Nilisikia kalamu ikikwaruza. Alipomaliza hakumgeuzia msichana. Alinigeuzia mimi.

Lilikuwa neno moja. *Mwambie.*

Msichana alikuwa akisubiri, anatutazama kwa zamu. Watu walikuwa wakitoka, wengine wakitusukuma kupita. Kimanzi hakukunja uso wala hakutabasamu. Alinishika kiwiko, kama unavyomshika mtu mnayevuka naye barabara, akangoja.

"Ni mimi," nikasema. "Nilimwomba awashe."